Kitabu cha Mtoro, Kadi ya Velten

Mwanafunzi wa sekondari akiambiwa ahakiki kitabu, anajua pa kuanzia. Fani huku, maudhui kule. Muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Na karibu na mwisho huja ile sentensi ambayo kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuisahihisha hadi kuichoka: jina la kitabu linasadifu yaliyomo. Nzega inaandikwa hivyo, Tabora mjini hivyo, Dar es Salaam hivyo. Jina la mwandishi halihakikiwi. Linanakiliwa tu kutoka kwenye jalada, kama tarehe ubaoni.

Mimi nataka leo tuanzie hapo panaponakiliwa, na kitabu kinachonifaa ni *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Ni mojawapo ya maandishi marefu ya mwanzo ya nathari ya Kiswahili kuchapwa kwa herufi za Kirumi. Kinasimulia uzazi, jando, ndoa, mazishi, deni, mahakama, ngoma, utumwa na safari za bara. Fungua ukurasa wa mbele kabisa. Jina linaloonekana ni la C. Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni Dar es Salaam kabla ya kwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Mwandishi mkuu wa maneno yaliyomo, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, hayupo kwenye ukurasa huo.

Mtu atasema Velten alihariri, na mhariri ana haki yake. Kweli. Lakini miaka miwili tu kabla, mwaka 1901, Velten huyohuyo alikuwa ametoa *Safari za Wasuaheli*, na humo kila safari ina mwenyewe. Sleman bin Mwenye Chande ana safari yake ya bara. Selim bin Abakari ana yake ya Urusi na Siberia. Mtoro naye yumo, na safari yake ya Udoe na Uzigua. Vichwa vya habari vimebeba neno “yangu”. Kwa hiyo haikuwa kwamba mhariri hakujua kuandika jina la Mwafrika juu ya maandishi ya Mwafrika. Alijua, ikiwa maandishi hayo ni ya safari. Mtu akisimulia alivyovuka mto, akalipa hongo na kuugua homa, anaruhusiwa kuwa mtu. Akianza kueleza sheria, ndoa na dini, yaani akianza kutoa elimu, umiliki wa elimu hiyo unahamia kwa profesa, na yeye anageuka kuwa chanzo cha habari.

Tofauti hiyo haikomei kwenye ukurasa wa mbele. Imeingia hadi kwenye vitenzi. *Safari* inakwenda kwa -li- na -ka-: tulifika, tukalala, tukaondoka. Kuna siku moja iliyokuwako na watu waliokuwamo ndani yake. *Desturi* inakwenda zaidi kwa hu- na -ki-: mtu akifanya hivi, hufanyiwa vile. Kiambishi hu- hakibebi nafsi wala siku. Ni kiambishi kizuri kwa sheria, methali na maelekezo ya mapishi, na hakuna ubaya kukitumia. Ila kikikaa kurasa nyingi mfululizo, kinamfuta anayesema. Msomaji wa Berlin angeweza kumaliza kitabu akidhani pwani nzima ilijiandika yenyewe, bila mkono wa mtu. Hapo ndipo fomu ilipomrahisishia mhariri kazi: maandishi yasiyo na “mimi” ndani ni mepesi kuchapwa bila jina nje.

Na mtu mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa darasani, Berlin. Kuanzia mwaka 1900 Mtoro alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, akiwafundisha maofisa na watumishi waliokuwa wakijiandaa kuja kutawala kwao. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka na kuishi huku kama mume na mke. Ndoa ya mtu mweusi na mwanamke mweupe, mbele ya watu wanaotawaliwa, ilionekana hatari. Walirudi Ujerumani. Ualimu wake Berlin nao ulivunjika katikati ya dharau za rangi kutoka kwa waliokuwa wakijifunza kwake. Baadaye alifundisha Hamburg, akazunguka akitoa mihadhara, na akafariki Berlin mwaka 1927. Mwanafunzi anayepewa historia hiyo baada ya kusoma ukurasa wa mbele wa mwaka 1903 ataona kuwa ubaguzi haukuanzia bandarini mwaka 1905. Ulikuwa umekwisha kupigwa chapa.

Linganisha na kitabu kingine cha miaka hiyohiyo, ambacho kinahusu Tabora moja kwa moja: *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe*. Heinrich Brode alikitoa kwa Kiswahili na Kijerumani mwaka 1902 na 1903, W. H. Whiteley akakirudisha kwa kichwa hicho pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Baba yake Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Tabora na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, kwa hiyo Unyamwezi humo si kituo cha kupita, ni ukweni. Tazama kichwa kile kilivyo kirefu. Kina jina kamili la nasaba, kisha “yaani”, kisha jina la utani lililojulikana Ulaya, halafu kiapo: kwa maneno yake mwenyewe. Mzungu anayeandika maisha yake haongezi kiapo hicho. Hakuna anayedhani maneno si yake. Hapa kimewekwa kwa sababu msomaji aliyekusudiwa angeshuku. Hata hivyo, Tippu Tip alipata jina juu ya kitabu. Alikuwa tajiri, alikuwa amesafiri na Stanley, msafiri wa Kizungu, magazeti ya Ulaya yalimjua. Mwalimu wa lugha hakupata. Mfanyabiashara wa pembe na watu alipata.

Msomaji wa Nzega, mji ulio ndani ya Unyamwezi huohuo, ana neno lake hapa, wala si la kumsifu Mtoro tu.

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilichukua miezi kama mitatu, na ilipita kusini mwa Nzega ya leo. Lakini waliobeba mizigo walitoka Unyamwezi wote, kaskazini na kusini. Wengi walikuwa watu huru waliofanya mapatano ya ujira, wakapanga safari zao kwa kuangalia mvua, wakiwa na kirangozi mbele na desturi zao za kazi, pamoja na kugoma pale posho ilipopunjwa. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima, mwaka 2006, kuonyesha kuwa wapagazi hawa walikuwa wafanyakazi na wala si kundi la watumwa waliofungwa minyororo kama picha za Ulaya zilivyozoea kuchora. Sasa watafute katika vitabu vyetu hivi. Wamo tele, na karibu wote hawana majina. Katika maandishi ya pwani ya wakati ule, mtu wa bara aliwekwa upande wa “washenzi”, kinyume cha “waungwana”, na Mtoro aliandika kutoka ndani ya mpango huo. Kiambishi kilekile hu- kilichomfuta yeye mbele ya msomaji wa Berlin, yeye na wenzake walikuwa wakikitumia kwa watu wa bara: Wanyamwezi hufanya hivi, Wanyamwezi hucheza vile. Aliyenyimwa jina na mmoja alimnyima mwingine. Uhakiki unaokomea kwenye kumlilia Mtoro unaacha nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na mwanafunzi ambaye babu wa babu yake huenda alibeba mzigo wa frasila mbili hadi Bagamoyo.

Tuje kwenye rafu. Kadi ya maktaba ni maandishi mafupi yenye kanuni kali kuliko shairi: jina la mtunzi juu, kichwa, mahali, mchapishaji, mwaka, halafu namba. Mstari wa kwanza ukisomeka “Velten”, anayemtafuta Mtoro kwa jina hatampata, hata kitabu kikiwa mbele ya macho yake. Namba nayo inasema. Mfumo wa Dewey, unaotumika katika maktaba zetu za umma, ulitoka Marekani mwaka 1876, mwaka uleule Stanley alipochanjana damu na Mirambo huko Unyamwezi. Vitabu vya Stanley kuhusu safari hizo hukaa 916, jiografia na safari za Afrika. Vitabu vya mila hupelekwa 390. Kwa hiyo Mzungu akipita njia ya Tabora huwa msafiri, na Mswahili akieleza sheria ya ndoa huwa mila. Ni tofauti ileile ya 1901 na 1903, sasa kwa tarakimu.

Fasihi ndiyo inayochekesha kidogo. Riwaya ya Kiingereza ni 823. Riwaya ya Kiswahili ni 896.3923, kwa sababu Dewey aliigawa 800 kwa Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Italia, Hispania, Kilatini na Kigiriki, kisha dunia yote iliyobaki ikabanana ndani ya 890. Shaaban Robert anaishi mitaa ya nyuma ya mji uliojengwa kwa ajili ya Goethe. Upande wa dini ni vilevile: Ukristo una 220 hadi 289, Uislamu una 297, na dini za asili za Waafrika zimo 299.6. Katika mji kama Nzega, ambako mtu anaweza kuwa na jina la Kiislamu, shangazi Mkatoliki na ibada ya mizimu ya ukoo wake, rafu hiyo haifanani na nyumba yoyote ya mtaani.

Si kwamba hakuna aliyeliona hili. Dorothy Porter, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Howard huko Washington, alikuta katika miaka ya 1930 vitabu vya waandishi weusi vikirundikwa kwenye 325, ukoloni na uhamaji, au 326, utumwa, hata kikiwa kitabu cha mashairi. Alikataa, akaviainisha kwa kazi yake kila kimoja. Hakungoja kamati. Na Dewey mwenyewe, ambaye klabu yake ya Lake Placid ilifungia nje Wayahudi na watu weusi, alipoteza heshima ya jina lake kwenye medali ya chama cha wakutubi wa Marekani mwaka 2019. Hilo la medali naliona dogo. Medali haipangi rafu.

La kupanga rafu lipo, na limo ndani ya mfumo wenyewe. Kanuni za Dewey zinatoa hiari: maktaba ikitaka kuipa fasihi ya lugha yake nafasi ya mbele na namba fupi, inaruhusiwa kuiweka 810, na kwa lugha yenyewe 410. Kwa dini kuna hiari za namna hiyo pia. Mwalimu anayesimamia maktaba ya shule, yenye vitabu vya msaada vilivyoshushwa kwa maboksi na vingi vikiwa vya Kiingereza, anaweza kuanza na Kiswahili mlangoni bila kuvunja sheria yoyote. Mwalimu Nyerere, mwanafunzi wa zamani wa Tabora, alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Desemba 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Tangu hapo tumekuwa na taasisi zetu, chuo chetu cha ukutubi Bagamoyo, na uhuru wa kuchagua. Mpangilio tulio nao ni mpangilio tunaouendeleza.

Kuhusu Mtoro, marekebisho yalikuja polepole. Mwaka 1981 University of California Press ilitoa tafsiri ya Kiingereza iliyoandaliwa na J. W. T. Allen, na kwa mara ya kwanza jina la Mtoro likawa kwenye kichwa cha kitabu. Mwaka 2009 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikachapa maisha yake, yaliyoandikwa na Ludger Wimmelbücker. Kadi ya mkutubi mwangalifu leo itaanza na “Mtoro bin Mwinyi Bakari”, na kumweka Velten chini kama mhariri. Na huyo Mtoro asigeuzwe kuwa “Bakari, Mtoro”, kana kwamba jina la baba ni jina la ukoo la Kizungu.

Lakini kichwa cha 1981 hakiishii kwa Mtoro. Kinaongeza kuwa desturi hizo ni zake “na Waswahili wengine”, maana hata yeye alikuwa na waliomsaidia. Ni uaminifu wa mhariri, naukubali. Wengine hao angalau wamepata neno kwenye jalada. Wapagazi wa Unyamwezi hawamo hata katika neno hilo. Wako ndani, katikati ya kurasa, kwenye sentensi za hu-, na kanuni ya kadi haina mstari wa kuwaandika. Darasa la Nzega linaweza kuandika kadi ya pili, ya watajwa, na kuibandika nyuma ya ile ya kwanza.