Picha Kumi na Nne za Kimya

Sura ya tatu ya riwaya yangu niliiandika ili watu wacheke. Jamaa anapanda ukuta kuiba papai la jirani, anadondoka. Niliwasomea marafiki wanne. Kimya! Mmoja akaniuliza kama yule jamaa aliumia.

Basi nikarudi kwenye katuni, maana kule watu wanadondoka kila dakika nasi tunacheka mpaka machozi. Nikachukua Fast and Furry-ous ya mwaka 1949, filamu ya kwanza ya Wile E. Coyote na Road Runner. Kisa aliandika Michael Maltese, akaongoza Chuck Jones wa Warner Bros. Mbweha wa Marekani, ana njaa, anamfukuza ndege jangwani. Hampati. Hadithi yote ndiyo hiyo.

Coyote anachora mdomo wa handaki kwenye mwamba ili ndege ajigonge. Ndege anapita humo kana kwamba kuna njia kweli. Coyote naye anamfuata mbio, paa! Mwamba. Hebu fikiria: rangi kaipaka mwenyewe, lakini njaa imemfanya aamini uongo wake. Mwizi wangu wa papai hakuamini kitu chochote. Nilimtuma tu aanguke.

Halafu kuna suala la muda. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Jones alieleza kwamba Coyote akianguka genge, picha 18 zinampeleka mpaka anapotea machoni, kisha zinapita 14 ndipo anatua. Zikiwa 13 hazichekeshi, zikiwa 15 pia hazichekeshi. Katika zile 14 hakuna kinachotokea, mtazamaji anabaki peke yake na anachokijua. Mimi pale nilijaza maneno: puu kama gunia, jamani ilikuwa kichekesho! Nilicheka kabla ya msomaji.

Sisemi kila kitu ni dhahabu. Road Runner mwenyewe hana tabia, ni mbio tu, na ukitazama filamu tano mfululizo unachoka. Tena zile kanuni maarufu za Jones, kwamba Coyote adhuriwe na uzembe wake au vifaa vibovu vya Acme tu, Maltese alipoulizwa baadaye alisema hakuwahi kuzisikia. Nilifurahi kusikia hivyo. Vijana tunapenda kutafuta kanuni kabla hatujaandika hata ukurasa.

Nimefuta mistari kumi na moja kwenye ile sura. Wiki iliyopita nikawasomea tena. Yule wa swali alicheka, ila si pale pa kudondoka. Alicheka pale jamaa, akiwa bado chini, anapolibonyeza papai kuona kama limeiva kabla hajautazama mguu wake. Mstari huo niliuandika bila hata kuufikiria, na nilikuwa karibu kuufuta.