Aulani na Somo la Kuchagua Hoteli ya Ufukweni

Aulani, hoteli ya Disney iliyofunguliwa Agosti 2011 magharibi mwa kisiwa cha Oahu, Hawaii, ingeweza kujazwa katuni kila kona. Mickey yupo, na watoto hupiga naye picha, lakini maudhui ya hoteli ni Hawaii yenyewe. Uamuzi huo, uliosimamiwa na mbunifu Joe Rohde, una mengi ya kumfunza mzazi anayetafuta hoteli ya likizo kisiwani.

Maudhui yameanzia kwenye jengo. Ukumbi wa mapokezi umefuata umbo la banda la mitumbwi la wenyeji, na kuta zimepambwa na wasanii wa Hawaii. Katika baa moja wahudumu huzungumza Kihawaii, na vitu vimebandikwa majina kwa lugha hiyo. Hilo ni jambo zito: Kihawaii kiliondolewa kuwa lugha ya kufundishia shuleni mwaka 1896, kikawa lugha rasmi ya jimbo mwaka 1978. Mtoto anayecheza katika hoteli hii anajua yuko kwa nani.

Kisha bahari. Ko Olina, ilipo Aulani, ina ghuba ndogo nne zilizochimbwa na watu, na mawe yaliyopangwa mlangoni hupunguza nguvu ya mawimbi. Maji ya Hawaii hupanda na kushuka kwa chini ya mita 1, kwa hiyo ufuko haubadiliki sana kutwa.

Kwetu sivyo. Unguja, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika takriban mita 4, na kupwa kwa mchana huangukia asubuhi, karibu saa nne au saa tano, watoto wakiwa wameshavaa nguo za kuogelea. Kwenye fukwe za Paje na Jambiani maji hurudi mbali kuelekea mwambani. Nungwi na Kendwa huogeleka karibu saa zote. Basi kabla ya kulipia, tazama mwezi: bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu huja katikati yake. Na ukichagua Paje, panga asubuhi ya kupwa iwe ya kutembea na watoto kuwaona akina mama kwenye mashamba ya mwani. Hayo ni maudhui ambayo hakuna mbunifu anayeweza kuyabuni.

Utaratibu wangu ni huu: bahari kwanza, usalama pili, maudhui tatu. Uliza kina cha bwawa la watoto na kama kuna mwokoaji muda wote. Halafu jiulize: hoteli hii ikihamishiwa kisiwa kingine, itapoteza nini? Aulani ingepoteza karibu kila kitu, na ndiyo maana imefaulu. Hoteli isiyopoteza chochote inakuuzia rangi za ukutani. Mzazi mwenzangu, usiilipie bei ya kisiwa.