Hema Uani

Udongo mwekundu wa Riruta hushika kigingi kama ufizi unavyoshika jino. Nilikuja kulijua hilo Aprili 2020, nimepiga magoti kwenye nyasi nyuma ya nyumba, nyundo mkononi, binti yangu kashika kamba. Kafyu ya korona ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, na siku chache baadaye Nairobi nzima ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Tulikuwa tumemwahidi kumpeleka kulala hemani Naivasha. Akaniangalia, akasema, "Baba, si hema tunalo? Na nyasi si hizi hapa?"

Usiku wa kwanza nilikosea. Nilichagua mahali palipopendeza macho, karibu na mparachichi. Saa nane mvua ya masika ikashuka, na maji yakapita chini yetu kwa utulivu wa mtu anayeijua njia yake. Yalikuwa yanaijua kweli. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeishi pale, nikifyeka na kufagia, wala sikujua kwamba ua wangu una kijito.

Tangu hapo nalala kwanza, hema baadaye. Nalala chali kwenye nyasi tupu, nafumba macho, nauachia mgongo useme. Damu ikielekea kichwani, nageuka, maana kichwa ni lazima kiwe upande wa juu wa mteremko. Jicho hudanganywa na nyasi zilizokatwa sawa. Mgongo haudanganyiki. Kisha mlango: upepo wetu mwingi hutoka mashariki, basi mlango wangu huupa mgongo, hutazama vilima vya Ngong.

Mji huu wenyewe ulianza kwa mahema. Reli ilipofika mwishoni mwa Mei 1899, hapakuwa na jiji, palikuwa na kinamasi kando ya mto ambao Wamaasai waliuita wa maji baridi. Wahandisi walitaka tambarare ya kupanga treni zao kabla ya kupanda milima, na tambarare ile ni ya udongo mweusi, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Kigingi hakitulii humo. Na kabla ya reli walikuwako wapagazi wa misafara kutoka Pwani, waliosimika mahema ya wakubwa kila jioni, kisha wao wenyewe wakajibanza chini ya vipande vya amerikani. Walisoma ardhi ya nchi nzima kwa migongo yao, na majina yao mengi hayakuandikwa popote. Nikipiga kigingi huwakumbuka hao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Fundo ninalolitumia nilifundishwa nikiwa skauti, kambini Rowallan, kule Jamhuri. Kamba huzungushwa mara mbili kwa ndani, mara moja kwa nje. Ukilisukuma kwa vidole, linateleza kama pete kwenye kidole chembamba. Kamba ikivutwa na upepo, linauma. Mvua ikilegeza turubai usiku, mtu hatoki kufungua chochote: anatoa mkono mmoja, anasukuma fundo, kitambaa kinakaza tena na kulia kama ngoma. Sijui kifaa cha dukani kilicho kizuri kuliko hicho.

Julai ndiyo hutupima. Idara ya utabiri wa hali ya anga iko hapo Dagoretti Corner, karibu mita 1,800 juu ya bahari, na baridi ya kimo hicho haitoki angani peke yake. Inapanda kutoka ardhini. Blanketi zuri zaidi ni lile unalolilalia. Tena usifunge zipu zote ukidhani unazuia baridi. Tulifanya hivyo mara moja, na alfajiri kuta za ndani zilikuwa zinatiririka. Mvua haikuwa imenyesha. Zilikuwa pumzi zetu wenyewe.

Usiku mmoja wa kafyu Ngong Road ilinyamaza kabisa. Tulisikia vyura ambao hatukujua tunaishi nao, tukasikia adhana ikija kutoka Kawangware neno kwa neno, halafu kwarara wakapita juu ya paa wakipiga kelele, na kitambaa kikaanza kupata rangi ya chungwa. Binti yangu aliweka kiganja kwenye turubai, akaushika mwanga.

Kileleshwa na Lavington nyua kama hizi zinakwisha. Nyumba moja inabomolewa, ghorofa kumi na kitu zinapanda, na palipokuwa na nyasi panalazwa matofali ya kuegeshea magari. Kwetu pia imeinuka moja, ng'ambo ya ua wa michongoma. Wakati wa likizo watoto wake huja kulala hemani, na mimi siku hizi nakaa kibarazani tu.

Jumamosi iliyopita walifika watano, wameukumbatia mfuko wa hema, wakaanza kumwaga fito. Binti yangu, ambaye sasa anakaribia kunifikia kimo, aliwazuia. Akawalaza wote chali kwenye nyasi, mstari mmoja.

"Fumbeni macho," akawaambia. "Nani anahisi kichwa kizito?"

Mkono mmoja ukainuka.