Ngumi Isiyofumbuka: Msuko wa Riwaya ya Wilson Rawls

Wasomaji wengi wa Where the Red Fern Grows hukumbuka zaidi machozi ya sura za mwisho. Mimi narudi kwenye mtego unaotegwa mapema katika kitabu, maana naamini machozi hayo yalianza kuandaliwa pale.

Billy Colman, mtoto wa mkulima maskini katika milima ya Ozark, Oklahoma, anahitaji ngozi ya rakuni ili awafundishe mbwa wake wachanga kufuata harufu. Babu yake anamwelekeza: toboa tundu kwenye gogo, tia kipande cha bati kinachong'aa, kisha pigilia misumari kwa mshazari, ncha zikielekea ndani. Rakuni hupenyeza mkono, akalikamata bati, na ngumi yake haipiti tena kwenye zile ncha. Angefumbua vidole angetoka. Hafumbui. Ngozi ikishapatikana, baba anamwagiza Billy aing'oe misumari yote, kwani kuwinda namna hiyo ni kumwonea mnyama.

Mtego unaondolewa, lakini tabia ya yule rakuni inahamia kwa wawindaji wenyewe. Billy amewaahidi mbwa wake kwamba wakimpandisha rakuni mmoja tu mtini, yaliyobaki atayamaliza yeye. Wanampandisha kwenye mti mnene kuliko yote bondeni. Basi anaukata kwa shoka mpaka viganja vinatoka malengelenge, na Rawls hana haraka: anatuonyesha hata sanamu ya kutishia ambayo babu anaisimamisha chini ya mti ili rakuni asishuke wakati mjukuu amekwenda kula na kulala. Mwishowe mtoto anasali na upepo unauangusha mti. Kwingineko ningeiita njia ya mkato. Hapa naikubali, kwa sababu jasho limekwisha kumwagika mbele ya macho yetu.

Rawls hufanya hivyo kila mahali: anatuhesabia gharama kabla ya kutuletea hasara. Billy alidunduliza dola 50 kwa miaka miwili, akiwauzia wavuvi chambo na mboga, akichuma matunda ya porini, akiuza ngozi. Kisha akaondoka usiku, peku, akavuka milima hadi mji wa Tahlequah kuwachukua watoto wa mbwa. Mwandishi mwingine angeipitia safari hiyo kwa sentensi moja. Rawls, aliyezaliwa mwaka 1913 huko huko Oklahoma, anaitembea hatua kwa hatua.

Mbwa nao amewagawia sifa kwa makini. Old Dan ana nguvu na ukaidi. Little Ann ana akili. Rakuni akijitosa mtoni kupoteza harufu, Ann ndiye anayeupambanua ujanja huo. Kila mmoja anamkamilisha mwenzake, kwa hiyo Dan anapouawa na majeraha ya puma, mnyama ambaye kwa ukaidi wake hakukubali kumwachia, hatuhitaji kuelezwa kwa nini Ann anaacha kula na kumfuata. Msuko ulikwisha kutuambia. Hata kisengere nyuma cha mwanzo, Billy akiwa mtu mzima, kimetudokezea kwamba mbwa hao ni wa zamani. Taharuki basi haimo katika kujua kama watakufa; imo katika kujua kitakachowagharimu.

Rawls alizichoma hadithi zake kabla ya kumwoa Sophie mwaka 1958, akiona haya kwa tahajia yake mbovu. Mkewe akamsihi aiandike upya riwaya hii, naye akaitoa kichwani; ikachapishwa mwaka 1961. Labda ndiyo maana sentensi zake fupi zina mwendo wa mtu anayesimulia kwa mdomo.

Kasoro ninayoiona iko mwishoni. Wazazi wanasema Mungu amewachukua mbwa ili familia isitengane inapohamia mjini, kisha kangaga jekundu linaota kati ya makaburi pamoja na ngano yake ya kufariji. Faraja hiyo haikulipiwa kwa kazi kama mti ule ulivyolipiwa, na ningependa Rawls angemwacha Billy na huzuni yake kwa kurasa chache zaidi kabla ya kuileta.