Fundi Anayeuliza Habari za Hita

Barabara ya A1 ikitoka Kisumu hukimbia tambarare mpaka Ahero, kisha huanza kupanda: Sondu, Oyugis, na mwishowe Mosocho, karibu na kuingia mji wa Kisii. Kutoka Ziwa Victoria hadi hapo kimo huongezeka kwa zaidi ya mita 500. Toyota HiAce kuukuu iliyojaa abiria na mizigo ikimaliza mlima huo, kasoro zake zote zimeshajitokeza. Kinachotakiwa ni mtu wa kuzisoma.

Namsifu fundi ambaye dereva akimwambia, "Fundi, gari inachemka," hakimbilii spana. Huuliza kwanza, "Na hita inatoa joto?" Wengi hulishangaa swali hilo, kwa maana hita wameisahau zamani. Lakini hita haina moto wake yenyewe. Maji yaleyale yanayopoza injini hupita kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa katikati yake. Hivyo dereva aliyeketi kitini anaweza kujua hali ya maji ya injini bila kufungua boneti. Geji ikipanda huku hita ikitoa hewa baridi, maji yamepungua, au hewa imenaswa ndani, au pampu haisukumi. Hita ikipata moto gari likivuta na kupoa likisimama, hapo pia kiwango cha maji na pampu hushukiwa kwanza. Geji ikilala chini siku nzima na hita ikabaki vuguvugu, themostati, ule mlango unaofungulia maji njia ya rejeta kubwa, imekwama wazi. Au haipo kabisa.

Mara nyingi haipo, na jambo hili linaniuma. Gari likichemka mara moja tu, themostati hutolewa na kutupwa, na mwenye gari huambiwa kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Mosocho si Mombasa. Nyanda hizi za Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na asubuhi zake zina baridi ya kweli. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi hula mafuta zaidi, hutoa moshi na huchakaa upesi. Tena katika injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka huiziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta kubwa. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupozwa. Kwa hiyo gari lililotolewa themostati lisichemke linaweza kuchemka zaidi mlimani.

Kuipima ni kazi ya sufuria na jiko. Ndani ya themostati mna nta inayotanuka ikipata joto na kuusukuma mlango. Sergius Vernet ndiye aliyebuni mtambo huo katika miaka ya 1930. Iliyopigwa chapa ya nyuzi 82 inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajatokota, maana kwa kimo cha Kisii maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Isipofunguka, ni mbovu. Ikifunguka, fundi ameokoa pesa za mteja na anatafuta kwingine.

Na kutafuta huko ndiko ninakokupenda zaidi. Injini ikiwa na moto, fundi hushika paipu mbili za hita pale zinapopenya kuingia kwa dereva. Zote zikiwa za moto, maji yanapita. Moja ikiwa baridi, ama vali imefungwa ama rejeta ndogo imezibwa na kutu ya maji ya mtoni yaliyojazwa miaka mingi badala ya kulanti. Hunusa: harufu tamu ndani ya gari, zulia lililolowa na kioo chenye utando wa mafuta humwambia kwamba rejeta hiyo inavuja. Paipu zikiwa ngumu muda mfupi tu baada ya injini kuwashwa asubuhi, au mapovu yakizidi kupanda mdomoni mwa rejeta, gasketi ya hedi inashukiwa. HiAce nyingi zilizotoka Japani zina hita ya pili nyuma, na paipu zake hupita chini ya sakafu zikiliwa na matope. Anayezisahau atajaza maji kila siku asijue yanakovuja.

Hewa iliyonaswa nayo hutolewa kwa msaada wa mlima. Gari huegeshwa likielekeza pua juu, kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kabla injini haijapata moto, hita ikifunguliwa hadi mwisho, kisha injini huachwa ikinguruma taratibu mpaka mapovu yaishe. Mosocho miteremko ya kufanyia hivyo ni tele. Mwanagenzi aliyefunzwa vizuri hujua haya kabla hajaruhusiwa kufungua hedi.

Tatizo ni malipo. Mteja hulipia pampu mpya bila neno, lakini akidaiwa nusu saa ya kushika paipu na kunusa, huona ameibiwa. Hivyo fundi mwenye watoto wa kulisha huvutwa kuuza kipuri ambacho hakikuhitajika. Mimi ningeomba karakana za Mosocho na za Daraja Mbili mjini Kisii zitoze uchunguzi wazi, bei ikitajwa kabla boneti haijafunguliwa, na wenye magari waulipe hata siku ambayo kilichobadilishwa ni klipu moja ya paipu. Hedi iliyopinda kwa kuchemka itawagharimu mara nyingi zaidi.