Ufundi Nyuma ya Kinyago: Jinsi Operation: Doomsday Ilivyojengwa

Albamu za marapa wanaojitegemea husifiwa zaidi kwa ujasiri kuliko kwa ufundi. Tunasimuliwa jinsi msanii alivyokosa fedha na kuhangaika peke yake, kisha muziki wenyewe tunausikiliza kwa huruma. Operation: Doomsday ya MF DOOM, iliyotoka mwaka 1999, inastahili sikio kali zaidi ya hilo. Ninachodai ni kwamba uhuru wa albamu hii unasikika ndani ya muziki wenyewe, katika maamuzi matatu: vipande vya nyimbo za zamani alivyochagua kuvirudiarudia, namna alivyopanga vina, na mhusika aliyemuunda ili ashike yote hayo pamoja.

Historia fupi ya DOOM ina uzito hapa. Kwa jina lake halisi Daniel Dumile, alizaliwa London mwaka 1971, akakulia Long Island, New York, na akaanza kuchana kwa jina la Zev Love X katika kundi la KMD pamoja na mdogo wake, DJ Subroc. Albamu yao ya kwanza, Mr. Hood, ilitolewa na lebo ya Elektra mwaka 1991. Mwaka 1993 Subroc aligongwa na gari akafariki. Baadaye Elektra ikakataa kuitoa albamu ya pili, Black Bastards, kwa sababu ya mchoro wa jalada lake. Dumile alipotea machoni pa watu kwa miaka kadhaa. Mwaka 1997 alirudi na santuri zilizotolewa na Fondle 'Em, lebo ndogo ya mtangazaji wa redio Bobbito Garcia, na kadhaa kati ya nyimbo hizo ndizo zilizoingia katika albamu ya 1999. Kwa hiyo aliyekuwa akirekodi kwa lebo hiyo ndogo hakuwa mwanagenzi. Alikwisha kuona jinsi kazi ya lebo kubwa inavyopikwa, na alichokiacha alikiacha akikifahamu.

Tuanze na midundo, ambayo karibu yote aliitengeneza mwenyewe. Wimbo wa Doomsday umejengwa juu ya Kiss of Life wa Sade, wa mwaka 1992. Rhymes Like Dimes umesimama juu ya One Hundred Ways, kutoka albamu ya Quincy Jones ya 1981, The Dude. Hizi ni nyimbo laini za mapenzi, ambazo wana hip-hop wengi wa mitaani wakati huo wangeona haya kuzigusa. Desturi ya prodyuza mjuzi ilikuwa kutafuta santuri adimu, kuchota sekunde mbili na kuzikatakata hadi chanzo kisitambulike. DOOM alifanya kinyume: alichukua kipande kirefu, akaacha utamu wake ubaki, kisha akaweka juu yake sauti nzito, ya mkwaruzo, isiyo na haraka. Mvutano kati ya ulaini wa chini na ukali wa juu ndio unaozipa nyimbo hizi hisia. Kipande cha Sade kikisikika peke yake kinabembeleza. Kikikaa chini ya maneno ya mtu aliyefiwa na kukataliwa na lebo, kinageuka kuwa kumbukumbu ya raha iliyopita.

Hapa kuna pingamizi la haki: wasanii wa kibiashara wa New York nao walikuwa wakirudiarudia nyimbo maarufu za zamani, basi upekee uko wapi? Ushahidi mzuri ni Black Cow wa Steely Dan, wa mwaka 1977. Lord Tariq na Peter Gunz waliutumia katika Deja Vu, wimbo uliovuma sana, na DOOM akautumia katika Gas Drawls. Zote mbili ni kazi za mwaka 1997. Katika Deja Vu kila kitu kinaelekea kwenye kiitikio kikubwa cha kuisifu Bronx, kilichotengenezwa ili umati uimbe pamoja. Katika Gas Drawls mdundo ni sakafu tu, na sikio linasukumwa kwenye mistari. Chanzo ni kimoja, ila kazi kinayopewa ni mbili tofauti. Suala la kuwalipa wenye nyimbo za asili ni zito na halipaswi kupuuzwa, lakini ni suala la haki na sheria. Halifuti swali la ufundi.

Uamuzi wa pili ni vina. Sikio lililozoea shairi la Kiswahili hungoja kina cha kati na cha mwisho mahali pake, kwa silabi moja inayorudi. Katika Kiingereza cha DOOM kina hujengwa kwa irabu za silabi zenye mkazo, konsonanti zikiruhusiwa kutofautiana, na mara nyingi fungu zima la maneno hupatana na fungu jingine zima. Kisha hukihamisha kina: sentensi huvuka mwisho wa mstari, na mlio unaopatana hudondoka pale ambapo maana bado haijakamilika. Msikilizaji analazimika kufuata nyuzi mbili kwa pamoja, ule wa mlio na ule wa maana. Ndiyo maana nyimbo hizi hazichoshi hata kipande kilekile kinapojirudia: mabadiliko ambayo prodyuza mwingine angeyaleta kwa ala mpya, hapa yanaletwa na ulimi.

Uamuzi wa tatu ni mhusika na kinyago chake. DOOM aliazima sura ya Doctor Doom, adui wa Fantastic Four katika hadithi za picha za Marvel, mtu aliyeharibika uso na mwenye kisasi. Sauti kutoka filamu za katuni za Fantastic Four zimepachikwa kati ya nyimbo. Sauti hizo si pambo. Nyimbo zilizotoka kwa nyakati tofauti zilihitaji kamba ya kuzifunga, na masimulizi ya katuni yakawa kamba hiyo. Pia kinyago kilimpa ruhusa ya kujitaja kama mtu mwingine, hivyo majigambo, utani na maombolezo vikaweza kukaa katika kinywa kimoja bila kugongana.

Wapo watakaosema kwamba mkwaruzo wa sauti ni dalili ya umaskini wa studio tu. Wasikilize Tick, Tick..., wimbo ambao DOOM aliurekodi na rapa MF Grimm, ambamo mdundo unaongeza kasi na kupunguza huku wachanaji wakiufuata bila kuteleza. Kifaa duni hakifanyi hivyo chenyewe. Ni mtu aliyeamua. Wengine watasema vina vingi hivyo ni michezo isiyo na moyo. Jibu liko katika wimbo uitwao kwa alama tu ya kuuliza, ambao mwishoni unamgeukia Subroc. Huzuni ile inachoma kwa sababu haikutangazwa. Imepita katikati ya ustadi uleule wa majigambo.

Rapa chipukizi anayejitegemea leo hujiuliza kwanza atapataje vifaa vya kufanana na wenye lebo. DOOM anampa swali lenye faida zaidi: ni uamuzi gani wa kisanii ambao lebo ingemkataza, na ambao yeye ana ujuzi wa kutosha kuutimiza? Asipokuwa na jibu, kujitegemea kwake kutabaki kuwa habari ya mfukoni, na msikilizaji hana wajibu wa kuisikia.