Mondrian na Ukili wa Pemba

Piet Mondrian, aliyezaliwa Amersfoort, Uholanzi, mwaka 1872, alianza kwa kuchora vinu vya upepo, mashamba na miti. Kufikia 1911 mti wake ulikuwa unapukutika ndani ya picha: majani yakaondoka, matawi yakawa mikunjo, na miaka kadhaa baadaye haukubaki mti wowote. Ilibaki mistari myeusi, iliyosimama na iliyolala, pamoja na nyekundu, buluu na njano. Mkono wake ulifika mbali. Mwaka 1965 Yves Saint Laurent aliishona mistari hiyo katika magauni.

Huko Msuka, kaskazini mwa Pemba, uzuri usiotegemea sura ya kitu una mizizi mirefu. Uislamu wa hapo ni wa kale: katika magofu ya msikiti wa Msuka Mjini, ndani ya mihrabu, umekwaruzwa mwaka 816 wa Hijria, yaani 1414. Na mpaka leo Wapemba husali, hulala na huketi juu ya mikeka yenye michoro isiyoiga mtu wala mnyama.

Mkeka huanzia kwenye ukindu, ambao huanikwa, ukachanwa chane za upana mmoja, nyingine zikachemshwa katika rangi. Kazi yenyewe ni hesabu. Kabla ya kusuka, msukaji anajua chane nyeupe ni ngapi, za rangi ngapi, na ipi itangulie. Akikosea hapo ua linapotea, na hana budi kufumua. Ukili, yaani mkanda uliosukwa, ukishatosha urefu, hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upatikane mkeka.

Mondrian alijipa nafasi zaidi. Akiwa New York alibandika vipande vya utepe wa rangi kwenye turubai, akavihamisha mpaka jicho liridhike. Alipofariki 1944, picha yake ya mwisho, Victory Boogie Woogie, ilikuwa bado na tepe zake. Tena aliukataa mstari wa mshazari, jambo lililomtenga na mwenzake Theo van Doesburg. Ukili, kwa upande wake, huzaliwa na mshazari: kila chane hukata ubavu kwa upande, na humo ndimo yanamotoka mawimbi na almasi zake.

Mkeka huo ni sanaa dhahania kamili. Anayeununua asimpunje msukaji. Amlipe kama msanii.